Somo: Mti umeinamia nyumba? Anza kuangalia chini

Majirani, mvua zimeanza na kila mtu ananitumia picha anauliza kama mti utaanguka, na karibu zote zinaonyesha matawi na mawingu, chini hakuna kitu na jibu liko huko chini. Kuinama peke yake si shida. Kuna jakaranda Kileleshwa hapa Nairobi zimelalia barabara miaka na miaka na ziko tu, alafu kuna mkaratusi umesimama wima kabisa na usiku mmoja wa upepo unalala chini.

Hatua ya 1: jua umeinama lini. Mti ulioinama ukiwa mdogo, ukitafuta jua, hujirekebisha, shina linapinda alafu kilele kinarudi kuangalia juu. Huo ushazoea. Wa kuogopa ni ule shina limenyooka mpaka juu lakini lote limelala upande mmoja, maana yake ulikua wima alafu huko chini kitu kikaachilia. Kama huna uhakika, tumia timazi ya fundi wa mawe: unafunga uzi kwa shina upande ule mti unaelekea, juu vile unafikia, kijiwe kining'inie karibu na ardhi, unapima kutoka kijiwe hadi shina na unaandika. Rudia kila baada ya mvua kubwa. Nambari ikiongezeka, wacha kupima na uanze kupiga simu.

Hatua ya 2: udongo. Nenda upande ule mwingine, nyuma ya mti, hapo ndio mizizi inavutwa. Ufa wa kuzunguka shina kama mwezi mchanga, udongo umeinuka, kabro za uani zimenyanyuka, hio ni hatari ya leo si ya wiki ijayo. Wa Embakasi na South C najua mtasema kwenu kuna nyufa kila mahali, ni kweli, ule udongo mweusi hupasuka ukikauka na huvimba ukilowa, kwa hivyo nyie msubiri upepo, simameni mbali upande wa salama mwangalie kama ardhi inapumua, yaani inainuka na kushuka, pale kwa shina mti ukiyumba. Ikipumua, mizizi imeshaachilia.

Hatua ya 3: shina lenyewe. Uyoga mgumu wa kukaa kama rafu pale chini, mchwa, ufa mrefu, sauti ya mtungi mtupu ukigonga na nyundo ya mbao. Shimo peke yake halimalizi mti kwa sababu kinachoubeba ni mbao ya nje, lakini shina la upana wa sentimita 60 likibaki na mbao nzima isiyofika sentimita 10 hivi kuzunguka shimo, mimi silali chini yake.

Hatua ya 4, na hapa nina maneno. Uliza nini kilichimbwa. Watu wanadhani mti umeshuka chini kama vile umepanda juu, hapana, mizizi mingi iko kwa mita moja ya kwanza na inaenda mbali kupita kivuli cha matawi. Sasa mtu anajenga ukuta wa ploti futi mbili kutoka kwa shina, msingi unakata upande mzima, wa maji taka anakuja, wa intaneti anakuja na mtaro wake, alafu miaka mitatu baadaye uozo umeingia, mti unalala na tunasema ni upepo.

Hatua ya 5: pima utafika wapi. Chukua urefu wa mti uongeze nusu, kwa sababu matawi hurushwa. Kitanda cha watoto kikiwa ndani ya hio mstari, walale chumba kingine leo.

Hatua ya 6: kuutoa. Kibali kwanza kutoka kwa kaunti, ofisi ya mazingira, hata kama mti uko ndani ya ploti yako, na uende na picha za ule ufa. Ukiwa karibu na stima usiguse, piga Kenya Power 97771. Fundi mzuri anapanda, anafunga kamba, anashusha vipande kutoka juu. Anayesema atakata mara moja kutoka nyuma mrudishe kwao, kwa sababu shina lililoinama limejaa mvutano, linaweza kupasuka kwenda juu na kumpiga yeye mwenyewe.

MASWALI

Donholm: Fundi, mti ni wa jirani na anasema hana pesa.
Mama, matawi yaliyovuka fensi unaweza kukata hadi kwa mpaka wa ploti, usiingie kwake. Muandikie barua yenye tarehe na picha, ubaki na kopi, upeleke moja kwa chifu. Hawezi sema tena hakujua.

Kahawa West: Landlodi anasema tungoje Desemba.
Ardhi ikipumua hamngoji. Mwandikieni pamoja wapangaji wote, na nyumba za upande huo zihamishe vitanda.

Roysambu: Boss, si nifunge na waya kwa nguzo ya geti?
Mti mdogo uliolazwa na mvua, sawa, inua, shindilia udongo, weka vijiti na kitambaa kipana si waya, kwa sababu waya hukata ganda. Mkubwa utang'oka na geti lako.

Lang'ata: Na nikikata kichwa tu upungue uzito?
Hapana bro. Machipukizi yatakayotoka yameshikilia kwa ganda tu, yakinenepa yanakuangukia. Na ukiukata wote na ni mkaratusi, kisiki kitachipua tena, kwa hivyo mlipe fundi bei ya kung'oa kisiki pia, mkubaliane kabla hajapanda.