Somo: Kuishi na mbwa mchungaji mweupe katika joto la Tanga

Somo hili nimewaandikia wanachama wanaofikiria kumchukua mbwa mchungaji mweupe, pamoja na wale ambao wameshamchukua na sasa wanamtazama akihema chini ya mwembe saa saba mchana huku wakijiuliza kama walifanya sawa. Ninaishi Sahare, na jike langu, Chokaa, ana umri wa miaka sita. Kwa miaka hiyo nimejifunza kwamba joto letu anaweza kulizoea ikiwa mwenye nyumba atakubali kubadili saa zake, lakini ipo sindano moja ya kawaida sana ambayo inaweza kumuua.

Tuanze na asili yake kwa kifupi, kwa sababu wengi humdhania kuwa albino. Huyu ni ndugu wa damu wa mbwa mchungaji wa Kijerumani. Horand, dume wa kwanza kuandikishwa katika kitabu cha ukoo huo mwaka 1899, alikuwa na babu mweupe upande wa mama. Ujerumani iliikataa rangi nyeupe mwaka 1933, lakini wafugaji wa Marekani na baadaye Uswisi waliendelea kuitunza, na shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa likaupa ukoo huu utambuzi kamili mwaka 2011 kwa jina la mchungaji mweupe wa Uswisi. Pua yake ni nyeusi, kingo za macho nyeusi, na macho ya kahawia. Ukiona pua ya waridi na macho mekundu, hapo una jambo jingine. Dume husimama sentimita 58 hadi 66 begani na kufikia kilo 30 hadi 40, na jike ni mdogo kidogo.

Hatua ya kwanza: andaa kivuli kabla ya kumleta mbwa

Banda la bati ni tanuri. Ezeka kwa makuti, inua sakafu kiasi cha shubiri moja kutoka ardhini, na acha upande wa mashariki wazi, kwa maana kaskazi hutujia kutoka kaskazini-mashariki na kusi kutoka kusini-mashariki, hivyo upande huo hupata upepo karibu mwaka mzima. Makuti ya mbele yashushwe chini zaidi ili mvua za masika zisiingie. Msiweke banda chini ya mnazi wenye madafu; sababu yake haihitaji maelezo.

Hata hivyo msishangae mbwa akilikataa banda zuri mlilolijenga kwa gharama. Chokaa hulala chini ya tangi la maji, ambapo kila siku ifikapo saa nne hufukua mchanga wa juu uliokwisha kupata moto, akafikia ule wa chini wenye unyevu, kisha hujilaza kwa tumbo na kunyoosha miguu ya nyuma kama chura. Nilipoelewa anachotafuta niliacha kumfukuza, nikawa namwagia maji pale kila asubuhi.

Hatua ya pili: fuata saa zake

Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupoza mwili hasa kwa kuhema, na hewa ikiwa na unyevu mwingi kama ya kwetu mwezi Februari, kuhema huko husaidia kidogo tu. Kwa hiyo matembezi yafanyike alfajiri kabla jua halijachomoza, na tena baada ya magharibi. Kabla ya kutoka, weka mgongo wa kiganja juu ya lami au mchanga. Ukishindwa kuuacha hapo kwa sekunde chache, nyayo zake nazo zitashindwa.

Mbwa akianza kuyumba, ufizi ukawa mwekundu sana na mate yakawa mazito, msisubiri. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji ya kawaida tumboni, kwapani na kwenye mapaja, mpepeeni, kisha mpelekeni kwa daktari wa mifugo hata kama anaonekana amepata nafuu, kwa sababu madhara ya ndani hujitokeza baadaye.

Hatua ya tatu: manyoya

Manyoya yake yana tabaka mbili, la nje refu na la ndani laini kama pamba, na hilo la ndani hung'oka mwaka mzima huku pwani. Mpigeni burashi mara tatu kwa wiki. Akitoka baharini asafishwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, akaushwe mpaka ndani ya masikio, na msimwache anywe maji ya bahari, kwani yatamharisha na kumtapisha.

Hatua ya nne: chakula

Ugali mtupu na mchuzi wa jana havimtoshi mbwa wa kilo 30. Changanyeni na dagaa, maini au nyama za mabaki, na mifupa ya kuku iliyopikwa itupwe, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha kali.

Hatua ya tano: tabia

Hapa wengi hukosea. Hununua mbwa mweupe wakitarajia mlinzi mkali, wakaletewa mbwa mpole anayewafuata mpaka mlango wa choo na kulia akiachwa peke yake. Atabweka mgeni akifika, lakini mara nyingi husogea nyuma kabla ya kusogea mbele. Akifungwa mnyororo kutwa nzima, woga huo hugeuka kuwa kuuma. Kati ya wiki ya nane na ya kumi na nne mwonyesheni dunia. Kwa kuwa chanjo zake zilikuwa hazijakamilika, nilimbeba Chokaa kwenye kapu la baiskeli mpaka soko la Mgandini, akasikia kelele, akaona wanawake waliovaa buibui, mikokoteni na mbuzi, bila kukanyaga chini.

Na mji wetu ni mji wa baiskeli, wakati huyu damu yake ni ya kuchunga. Kitu kinachopita mbio mbele yake ni kondoo aliyetoroka. Mfundisheni mapema kuketi kila baiskeli inapopita, na mpeni kipande cha dagaa akitii. Sisi tulichukua miezi mitatu.

Hatua ya sita: sindano ya ivermektini

Naomba hatua hii isomwe na kila mtu nyumbani, hasa yule anayebaki na mbwa mkisafiri. Baadhi ya mbwa wa ukoo huu wana hitilafu katika jeni iitwayo MDR1. Jeni hiyo, ikiwa nzima, hutengeneza pampu inayozuia dawa fulani zisiingie kwenye ubongo. Ikiwa na hitilafu, mlango hubaki wazi. Dawa inayotuhusu zaidi ni ivermektini, ambayo huku kwetu huchomwa ng'ombe, mbuzi na mbwa dhidi ya minyoo, upele na kupe.

Hesabu yake ni hii. Mililita moja ya dawa ya ng'ombe yenye nguvu ya asilimia 1 ina miligramu 10, na ni kipimo cha ng'ombe wa kilo 50. Nusu mililita kwa mbwa wa kilo 30 inaonekana ni kidogo mno, lakini kwa mbwa mwenye hitilafu kamili, yaani aliyeirithi kwa baba na kwa mama, inatosha kumlaza. Chokaa alipokuwa na mwaka mmoja, mtu aliyekuja kutibu mbuzi wa jirani alimchoma kwa hisani tu, nami sikuwepo. Jioni mboni zake zilikuwa zimepanuka, mate yakimtoka, akigonga kuta kama asiyeona. Hakuna dawa ya kuliondoa sumu hilo mwilini. Daktari alimwekea dripu, nasi tulimgeuza ubavu kila baada ya saa mbili kwa siku tatu. Alisimama siku ya tano.

Kwa kuwa wengi wetu hatuna njia rahisi ya kupima jeni hiyo, mchukulieni kila mbwa mchungaji mweupe kuwa ana hitilafu hiyo. Andikeni onyo hilo kwenye kadi yake ya chanjo. Mkumbusheni daktari kabla ya upasuaji, kwani baadhi ya dawa za usingizi zinahusika, na msimpe loperamaidi ya kuzuia kuhara inayouzwa kwa watu madukani.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Ngamiani: Shikamoo mwalimu. Sisi ni Waislamu na mama yangu hataki mbwa kwa ajili ya najisi. Tufanyeje?

Marahaba mwanangu. Mama ana hoja, na msimpite pembeni. Kufuga mbwa wa ulinzi, wa mifugo au wa shamba kumeruhusiwa, lakini kwa madhehebu yetu ya Shafi mate yake ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kwetu Chokaa ana vyombo vyake, haingii ndani, na nina kanzu ya kazi ambayo siswali nayo. Lakini mbwa huyu anapenda kukaa na watu. Kama hapatakuwa na mtu wa kukaa naye uani kwa saa kadhaa kila siku, msimchukue.

Swali kutoka Pongwe: Je, nimnyoe wakati wa kaskazi ili apate baridi?

Hapana, kaka. Manyoya hayo humkinga na jua, na ngozi iliyo chini yake huungua. Ng'oa ya ndani kwa burashi, yatosha.

Swali: Udongo mwekundu umemgeuza rangi. Naweza kutumia dawa ya kung'arishia nguo?

Usithubutu. Acha tope likauke, lipigwe burashi, litaanguka lenyewe.

Swali kutoka Pangani: Tulikwenda naye Mkwaja, karibu na mbuga ya Saadani. Sasa ana homa, uso umevimba kidogo na jicho moja limekuwa jeupe kama maziwa. Nimpe matone ya macho?

Matone yaache, dada. Mbung'o wapo upande huo, na jicho la namna hiyo pamoja na homa linaweza kuwa ugonjwa wa nagana, ingawa hata homa ya kupe au jeraha huweza kulitia ukungu. Apimwe damu leo hii, si kesho, na umweleze daktari mlikokwenda na tarehe. Kisha, kabla hajafungua mkoba wake, mwonyeshe ile kadi.