Laptopu ya zamani imekataa Windows 11? Iwekee Linux Mint hivi

Hapa Kisumu bado kuna laptopu za prosesa za zamani, Core 2 Duo na Core i3, kibao, kwa saiba, kwa ofisi za chama, kwa nyumba za wanafunzi. Windows 10 iliisha sapoti Oktoba 14, 2025, na Windows 11 nayo inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), ramu GB 4 na kama ni Intel basi prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Ujanja wa kuilazimisha uko lakini mimi siupendi, mashine inakubali alafu inakaa ikihema tu, na Core 2 Duo usijisumbue, kuanzia toleo la 24H2 haibuti kabisa.

Mimi naweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, toleo lake jepesi la Xfce. Inaanzia ramu GB 2 lakini 4 ndio poa, na diski GB 20. Hiyo ni ya mashine za 64-bit, kama yako ni ya kitambo sana 32-bit tafuta antiX, Linux nyingine nyepesi yenye toleo la 32-bit.

Kwanza toa vitu vyako vyote. Picha, vyeti, CV, zile PDF za KRA, peleka kwa flashi ingine ama diski ya nje, na ufungue faili kadhaa huko uhakikishe zimeingia kweli, juu tukishafuta hakuna kurudi.

Pili, kabla hujagusa programu angalia diski. Watu hukimbilia ramu na shida kubwa ni ile hard disk ya kuzunguka, yaani unawasha mashine unaenda kununua chapati unarudi bado inafunguka. SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, hata ya GB 120, inaingia pale pale penye ile ya zamani, skrubu chache tu. Pesa ikitosha kitu kimoja nunua hiyo. Ramu ukiongeza soma kwanza aina iliyoko ndani, DDR2 na DDR3 haziingiliani.

Tatu, daunilodi Mint, faili ni karibu GB 3 kwa hivyo pangia bando ama tafuta waifai ya watu. Flashi ya GB 8 inatosha. Tumia Rufus kwa Windows, programu ya kuiweka Mint kwa flashi, chagua faili, chagua flashi, bonyeza Start, na kila kitu kilichokuwa kwa hiyo flashi kitafutika.

Nne, zima laptopu, chomeka flashi, washa ukibonyezabonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, kwa HP ni Esc alafu F9. Chagua flashi.

Sasa usiinstoli bado! Mint inafunguka ikiwa kwa flashi bila kugusa diski, na hapo ndipo unapima. Cheza wimbo usikie sauti, andika uone kama vitufe vyote vinafanya, funga kifuniko ufungue. Waifai ikikosa kuonekana mara nyingi ni kadi ya Broadcom, chomeka simu kwa waya ya USB, washa USB tethering, utapata intaneti na baada ya kuinstoli utafungua Driver Manager ikuwekee drayva.

Tano, chaji iwe kwa ukuta na betri ikiwa imekufa usianze jioni mvua ya radi ikikaribia, unajua stima ya huku. Bonyeza ikoni ya kuinstoli, weka saa za Nairobi, na kama Windows huitaki tena chagua «Erase disk and install Linux Mint». Ukitaka zote mbili chagua ile ya kuziweka pamoja, lakini kwa diski ndogo utabanwa. Weka pasiwadi utakayokumbuka, huulizwa kila ukiweka programu.

Ikimaliza toa flashi, iwashe, fanya apdeti zote usiku ukiwa na bando la bei nafuu. Firefox na LibreOffice ziko tayari.

Na kama eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, inakataa kufunguka ikisema ukurasa si salama, tazama saa ya laptopu kwanza. Betri ndogo ya CR2032 ndani ikiisha tarehe inarudi nyuma miaka na tovuti zinagoma, badilisha hiyo betri urekebishe tarehe, Linux haina makosa hapo.