Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kucheza Mashine ya Sloti

Kabla ya kutoa pesa mfukoni, fahamu kwamba matokeo huamuliwa papo hapo kitufe kinapobonyezwa, na magurudumu yanayozunguka kwenye kioo huonyesha tu kile ambacho programu imekwisha kukichagua. Programu hiyo huzalisha namba za nasibu bila kupumzika, hata pasipo mchezaji. Ndiyo maana mashine iliyokaa saa tatu bila kutoa kitu haidaiwi na mtu, wala ile iliyotoa donge nono sasa hivi haijakauka.

Zamani mambo yalikuwa wazi zaidi. Liberty Bell, mashine aliyoiunda Charles Fey huko San Francisco mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa na magurudumu matatu ambayo mtu makini angeweza kuyahesabia alama zake. Mwaka 1984 Inge Telnaes alipewa hataza nchini Marekani kwa mbinu inayotenganisha gurudumu linaloonekana na lile la ndani ya programu. Tuseme gurudumu lina vituo 22, yaani sehemu linapoweza kusimama, machoni pako, lakini programu inatumia 64, na alama ya zawadi kubwa imepewa kimoja tu: kwa magurudumu matatu, nafasi yako si moja kati ya 10,648 tena, bali moja kati ya 262,144. Vituo vitupu vilivyo juu na chini ya alama hiyo vikipewa nafasi nyingi, itaonekana kila mara imekosa mstari wa ushindi kidogo tu, nawe utadhani nusura ushinde.

Katika kuchagua, soma kwanza jedwali la malipo, kisha utafute asilimia ya marejesho, yaani sehemu ya madau yote ambayo mashine huwarudishia wachezaji, kama imeandikwa. Marejesho ya asilimia 95 ni wastani wa mizunguko mingi mno, si ahadi ya jioni moja, na hesabu yenye faida kwako ni ya saa nzima: dau la 10 kwa mizunguko 500 ni 5,000 zilizopita mashineni, na hasara ya kutarajiwa ni 250. Mashine ya marejesho makubwa inayochezwa haraka yaweza kukugharimu kuliko ile mbovu inayochezwa taratibu.

Angalia pia idadi ya mistari ya ushindi unayoichezea. Dau la 1 kwa mistari 25 ni 25 kila mzunguko. Mashine ikirudisha 10, taa zitawaka na muziki utalia, ilhali umepoteza 15. Hiyo ndiyo hila ninayoichukia kuliko zote.

Jakipoti inayokua hulishwa na sehemu ya kila dau, na mara nyingine haipatikani bila dau la juu kabisa, kwa hiyo usiifuate kwa dau dogo kabla ya kusoma masharti. Mashine zinazolipa kwa nadra lakini kwa wingi humaliza akiba ndogo upesi.

Mwisho, panga kiasi ambacho hutakitafuta tena kikipotea, weka saa ya kuondoka, na uzime mzunguko wa kujiendesha.