Kuvunja mipira ya pool: nguvu baadaye, nyeupe kwanza

Mwadila wadau, na wa nje ya Mwanza habari zenu.

Niliahidi somo la kuvunja nikachelewa, kwa sababu nilitaka kwanza nikalirudie mwenyewe mezani nisije nikawaandikia mambo ya kusikia. Meza niliyotumia ni ya kutia sarafu ndipo itoe mipira, ya futi saba, iko Kirumba chini ya bati, upepo wa ziwa unaingia pande tatu. Nawatajia hayo makusudi. Video nyingi za mafunzo zinarekodiwa kwenye meza za futi tisa, ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi. Unakwenda kujaribu ulichokiona pale Buzuruga, hakitokei, unajiona huna kipaji. Kipaji unacho, meza ndiyo nyingine.

Tukubaliane kwanza tunatafuta nini. Kuvunja ni lile pigo la kwanza la mchezo, la kutawanya mipira iliyopangwa. Hapo unataka mpira mmoja uingie shimoni, mingine itawanyike, na nyeupe, yaani mpira unaoupiga kwa fimbo, ibaki karibu na katikati ya meza. Mimi nikilazimishwa kuchagua moja, nachukua hiyo ya mwisho. Mpira ukiingia halafu nyeupe imejibana kwenye kingo nyuma ya mipira mitatu, umejipa zamu usiyoweza kuitumia. Na nyeupe ikitumbukia, umempangia mwenzako meza iliyo wazi na kumkabidhi fimbo.

Miaka kadhaa mimi nilikuwa mtu wa kishindo. Nilikuwa navunja mpaka watu wanageuka. Siku moja nyeupe ikaruka, ikapita juu ya kingo, ikatua kwenye beseni la sato la mama mmoja aliyekuwa akikaanga pembeni. Bahati njema lilikuwa beseni la samaki wabichi, si karai la mafuta. Mama akaiokota, akaiosha, akanirudishia bila neno, akaniangalia tu. Kuanzia siku ile nikaanza kujifunza kuvunja.

HATUA YA KWANZA: PANGA MIPIRA MWENYEWE

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi mnapoteza nusu ya nguvu zenu kabla hata hamjashika fimbo.

Mipira ikigusana kabisa, pigo linapita kutoka mpira mmoja kwenda mwingine mpaka wa mwisho nyuma. Ukiacha nafasi hata ya unene wa karatasi, mpira wa mbele unasogea kwanza, unaugonga wa pili kwa pembe ambayo hukuipanga, na nguvu inaishia hapo katikati. Ndiyo maana mtu anapiga kwa hasira, mipira minne inatoka, mingine inabaki imekaa kama wazee kwenye baraza.

Fanya hivi. Ingiza vidole nyuma ya mstari wa mwisho, ndani ya pembetatu (ile fremu ya kupangia mipira), sukuma mipira yote mbele kwa pamoja mpaka usikie ule mlio mdogo wa kugusana. Shikilia kidogo. Kisha inua pembetatu kuanzia mbele, taratibu, bila kuirudisha nyuma. Inama utazame kwa usawa wa meza, jicho likiwa kwenye kimo cha mipira. Ukiona mwanga unapita kati ya mpira wa mbele na miwili inayoufuata, panga upya. Usione aibu, hata kama nyuma yako kuna foleni ya sarafu.

Kwenye meza za kwetu kuna tatizo jingine. Pitisha kidole pale unapopanga mipira utahisi vishimo. Vimechimbwa na mapigo ya miaka, kila mpira una kiti chake. Ukilazimisha mpira ukae nje ya kishimo, utateleza urudi. Zungusha mpira uliogoma au ubadilishane na jirani yake, mara nyingi unakubali.

Na futeni mipira! Kijiwe chetu hakiko mbali na mwalo, watu wanatoka kupakua dagaa wanakuja moja kwa moja mezani. Mipira yenye mafuta na vumbi inanatana inapogongana na kwenda kusikotarajiwa. Kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu. Dakika mbili.

HATUA YA PILI: IJUE NYEUPE YAKO

Chukua nyeupe, iweke kando ya mpira mwingine, uangalie kimo. Mipira ya Kimarekani ina kipenyo cha milimita 57, na nyeupe yake kwa kawaida ni hivyo hivyo. Mipira ya Kiingereza ni milimita 51 hivi, na kwenye meza nyingi za sarafu za aina hiyo nyeupe ni ndogo zaidi, milimita 48. Hiyo tofauti ndiyo inayoiwezesha meza kuitambua nyeupe ikitumbukia na kuirudisha, huku mingine ikifungiwa tumboni mpaka utie sarafu nyingine. Zipo pia meza zinazotumia nyeupe kubwa au nzito kuliko mingine kwa kazi hiyo hiyo.

Kwa nini nakusumbua na milimita? Kwa sababu nyeupe nyepesi ikigonga fungu la mipira inarudi nyuma kama imefukuzwa. Nyeupe nzito inaendelea mbele na kujichimbia kati ya mipira. Kwa hiyo nyeupe ikiwa ndogo, piga juu ya kitovu chake kwa upana wa nusu ya ncha ya fimbo, ili msukumo wa mbele uizuie kurudi sana. Ikiwa nzito, piga chini ya kitovu kwa kiasi hicho hicho. Zikiwa sawa, anza na kitovu chenyewe, halafu rekebisha kwa unachokiona. Mtu anayekwambia "piga chini siku zote" amejifunzia kwenye meza moja.

HATUA YA TATU: MAHALI PA KUSIMAMA

Weka nyeupe nyuma ya mstari wa kuvunjia, ule wa upande wa pili wa meza kutoka ilipopangwa mipira, si katikati kabisa, bali kiganja kimoja kulia au kushoto. Isiwe karibu sana na kingo ya nyuma, maana utalazimika kunyanyua kitako cha fimbo, na hapo nyeupe inaruka. Miguu ipanuke kuliko ulivyozoea, uzito uegemee mguu wa mbele kidogo. Mkono wa nyuma ushike fimbo kama unavyoshika yai. Basi.

HATUA YA NNE: PIGO

Lenga mpira wa mbele, uso kwa uso. Nyeupe ikiugonga pembeni, hata kidogo, inachepuka kuelekea kingo na mara nyingi inaishia kwenye shimo. Kupiga katikati kwa nguvu ya wastani kunatawanya mipira kuliko kupiga pembeni kwa nguvu zote. Sitaki mnikubalie hivi hivi, jaribuni mara kumi kumi mhesabu.

Vuta fimbo nyuma polepole. Polepole kabisa, kama mtu anayevuta ndoano akihisi sato anaonja chambo. Tulia kufumba na kufumbua jicho. Kisha peleka mbele, ukiongeza kasi njiani, na usiifunge breki fimbo ikigusa nyeupe. Iache ipite, ncha imalizie mbele ya pale nyeupe ilipokuwa, hata shubiri mbili. Ukiisimamisha umepiga kofi, hujasukuma.

Macho: kabla ya kuvuta, kwenye nyeupe. Wakati wa kupiga, kwenye mpira wa mbele. Kichwa kisinyanyuke. Najua unataka kuona maajabu yanavyotawanyika, subiri.

Kuhusu nguvu, anza na asilimia sitini ya uliyonayo. Siku ukiona nyeupe imebaki katikati mara saba kati ya kumi, ongeza kidogo. Ikianza kuzurura, rudi ulikotoka. Mimi bado nipo kwenye themanini na sioni haja ya kupanda.

MAZOEZI

Nyumbani huhitaji meza. Laza chupa tupu ya soda juu ya meza ya chakula, ingiza na kutoa ncha ya fimbo mdomoni mwa chupa bila kugusa kioo. Ukisikia "ting", mkono umepinda. Hata mpini ulionyooka wa fagio unafaa, ilimradi uingie kwenye mdomo wa chupa. Mezani, mwombe mwenzako arekodi pigo lako kwa simu kwa mwendo wa polepole, akiwa amechuchumaa upande wa kingo ndefu. Utajiona unavyonyanyuka kama jogoo. Mimi niliiangalia yangu mara moja tu, nikafuta.

Kwenye meza ya sarafu kila mpira unaoingia umekwenda. Ziba mashimo yote sita kwa vitambaa, mipira isishuke. Hapo sarafu moja inakupa mivunjo ya asubuhi nzima.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Igoma: Mkuu, mimi ni mwembamba, kilo 54. Wenzangu wana mikono kama ya wavuta nyavu. Nitawaweza kweli?

Utawaweza. Kwenye pigo, kasi inalipa kuliko uzito. Ukiongeza kasi mara mbili, nishati ya nyeupe inakuwa mara nne, lakini ukichukua fimbo nzito mara mbili hupati hivyo. Fimbo nyingi ni kati ya gramu 500 na 600, chukua iliyo nyepesi kidogo uone kama mkono unakwenda kasi bila kuyumba. Hao wenye misuli wengi wanaikaza fimbo mpaka vidole vinabadilika rangi, na mkono uliokazwa hauna kasi.

Kijana wa Mabatini: Kijiweni kwetu nyeusi ikiingia kwenye kuvunja umeshinda. Juzi nimekwenda Nyegezi wakaniambia nimeshindwa, tukakosana. Sheria inasemaje?

Sheria haiko upande wa yeyote kati yenu. Kwa sheria za blackball, pool ya mtindo wa Kiingereza, nyeusi ikiingia kwenye kuvunja, mipira inapangwa upya na aliyevunja anavunja tena, hakuna adhabu. Kwa zile za Kimataifa za 8-ball, ambako nyeusi ni mpira namba nane, ikiwa hujafanya faulo, unachagua: nyeusi irudishwe mezani uendelee, au uvunje upya. Hizo mbili zinatofautiana pia kuhusu mvunjo halali. Blackball inataka mpira uingie au angalau miwili ipite mstari wa kati ya mashimo ya katikati. Hiyo nyingine inataka mpira uingie au minne iguse kingo. Ila kijiweni sheria ni ya kijiwe. Uliza kabla ya kutia sarafu, si baada ya kushika shati la mtu.

Fundi Pasiansi: Msimu wa mvua meza yetu inakuwa nzito, mipira haifiki popote. Niongeze nguvu?

Kitambaa kikinyonya unyevu mipira inasuguana nacho zaidi, na nyeupe inaacha kuteleza mapema na kuanza kubingirika kabla ya kufika. Ikifika inabingirika, inafuata mbele kuliko ulivyotaka. Kwa hiyo shusha sehemu ya kupiga, chini ya pale unapopiga kiangazi, na usogeze nyeupe mbele karibu na mstari ili safari iwe fupi. Nguvu ongeza kidogo tu. Na mwambie mwenye meza aifunike usiku, hata kwa turubai. Kitambaa kikikauka juu huku chini yake kumelowa, hakuna somo litakalokusaidia.

Dada wa Nyegezi: Nikienda kucheza, vijana wananiambia "dada acha tukuvunjie". Wanadhani wananisaidia. Nawajibuje?

Dada, usiwajibu. Panga mipira, futa, inama uangalie mwanga, watakuwa wameshanyamaza. Uliyosoma hapo juu hayana kipengele kinachohitaji ndevu.

Babu wa Ukerewe: Fimbo za huku zimepinda zote na ncha zimeisha ngozi. Nifanyeje mjukuu?

Shikamoo babu. Zibingirishe juu ya meza moja baada ya nyingine. Ile inayocheza kidogo kuliko zote ndiyo yako, na ukishaipata ifunge uzi mwembamba kitakoni uitambue kesho. Kama haijanyooka kabisa, igeuze ili tao litazame chini au juu, lisitazame pembeni. Ngozi ya ncha ikiwa laini na kung'aa, ikwaruze kwa msasa mpaka ishike chaki. Chaki beba yako mfukoni, zile za kijiweni zimechimbwa mpaka zimekuwa vikombe. Kama ngozi imekwisha kabisa na fimbo inagonga kwa mbao, usivunjie, utaipasua na utalipishwa.

Mdau wa Igoma (tena): Hilo la vitambaa kwenye mashimo, mwenye meza si atanifukuza? Halafu asubuhi tunaambiwa vijana wa pool ni wavivu.

Usizibe kimyakimya, hapo atakufukuza na atakuwa na haki. Mfuate siku moja kabla, mwambie unataka meza kuanzia asubuhi mpaka saa nne, muda ambao haina mteja, na ukubaliane naye bei. Hilo la uvivu ni kweli wakubwa wanalisema, basi nenda siku ambayo huna kazi. Mimi wangu alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilimwambia nitafagia na kufuta mipira yote kabla sijaondoka. Sasa akiniona nakuja na mfuko wa matambara ananirushia funguo ya pembetatu, na wateja wakianza kufika natoa vitambaa vyangu shimo kwa shimo, naondoka.