Dawa ya kupe haiingii bwawani, hata kizibo kimoja

Msimu huu nimeitwa kwenye mabwawa matatu yaliyokutwa na samaki waliogeuza tumbo juu, na kwenye yote matatu chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ilikuwa imelala kwenye nyasi za ukingo. Maelezo nayo hayakutofautiana. Mfugaji aliokota kome ziwani, wale wenye magamba mawili yanayofumbata, akawatupa bwawani kwa sababu jirani alimwambia wanasafisha maji. Siku moja akampasua mmoja na kukuta vidudu vya miguu minane vinatembea kwenye mashavu ya kome yule, yale anayopumulia. Akapiga kelele "Enkwa!", yaani kupe kwa Kiganda, nyumba nzima ikaja kutazama, na kabla jua halijazama dawa ikawa majini.

Aliyekuwa na hakika zaidi alinionyesha kome mmoja aliyemhifadhi kwenye kopo kama ushahidi. Nikamfungua. Vidudu vile vilikuwa hai, vinatembea. Samaki wake wote walikuwa kwenye shimo nyuma ya zizi.

Vidudu vile si kupe. Ni utitiri wa majini, ambao ni ndugu wa mbali wa kupe, ndiyo maana miguu inahesabika minane na umbo linadanganya macho. Wengi wao ni wa jenasi ya Unionicola. Wakubwa wanaishi ndani ya kome, kwenye mashavu au kwenye ule utando unaofunika nyama yake, na mayai wanayataga humo humo. Mtoto akianguliwa hutoka nje ya kome na kumtafuta mbu-maji, yule asiyeuma ambaye viluwiluwi vyake vyekundu mnaviona kwenye tope. Anamng'ang'ania, anaruka naye akiwa mgongoni, anamfyonza, kisha anarudi majini mbu huyo anaporejea kutaga. Hapo anatafuta kome mwingine wa kuingia. Kuna aina ambazo dume mmoja hulishika kome zima pamoja na majike wake, na dume mgeni akibisha hodi anapigwa mpaka atoke. Samaki hayumo kwenye safari hiyo. Hapandwi, hafyonzwi, wala yai halitagwi kwake.

Kome mwenye utitiri mwingi mashavu yake hupata vidonda. Hayo ni matatizo ya kome.

Sasa nataka tupige hesabu pamoja, maana kila mmoja aliniambia "nilitia kidogo tu". Bwawa la mita 20 kwa 10 lenye kina cha mita 1 lina maji mita za ujazo 200, yaani lita 200,000. Chupa ya mililita 100 ya sipamethrini, dawa ya kupe, ya asilimia 10 ina dawa yenyewe gramu 10. Gawanya gramu 10 kwa lita 200,000, unapata mikrogramu 50 kwa kila lita. Mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni, kwa hiyo unaona kama si kitu. Lakini samaki wanaanza kufa kwa mikrogramu chache tu za sipamethrini kwa lita. Chupa moja ndogo, ile inayoingia mfuko wa shati, inalizidi bwawa zima.

Endelea kuhesabu. Mililita 5 za dawa isiyochanganywa, zile zinazobaki kwenye chupa unayosema imekwisha, ukiisuuza bwawani zinakupa mikrogramu 2.5 kwa lita. Na kwenye tangi la vifaranga wa samaki la lita 1,000, mililita 1 tu inakufikisha mikrogramu 100. Halafu mtu ananiambia alipima kwa kizibo! Kizibo cha chupa gani? Kimoja kinachukua mililita 5, kingine 20, na lebo iliyobandikwa kwenye chupa ile iliandikwa kwa ajili ya ngozi ya ng'ombe. Hakuna kipimo cha bwawa kwenye lebo kwa sababu kipimo hicho hakipo. Wala msibadilishe jina la dawa mkadhani mmepona: amitrazi inaua samaki, klorofenvinfosi inaua samaki, na zile chupa zenye dawa mbili ndani yake zinaua mara mbili.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba dawa haimfikii hata yule unayemtafuta. Kome akihisi maji yamebadilika anafumba magamba yake na kukaa kimya, na utitiri umejifungia naye humo. Ngege, samaki wako wa bwawani, hana mlango wa kufunga. Anavuta maji yale kwa mashavu yake kila sekunde.

Kama umeshamwaga, acha kumtafuta mchawi, fanya kazi. Kwanza ziba njia ya kutolea maji. Msikimbilie kulifungulia bwawa limwagike kwenye kinamasi, maana wapo watu wanaochota huko na samaki wa jirani wanaishi huko. Ndani ya saa ya kwanza hamisha samaki walio hai kwenye maji safi. Wale wanaozunguka kama pia au kuogelea ubavu hawatarudi, lakini wahamishe wote, msichague. Waliokufa msile, msiuze, msiwape nguruwe wala mbwa. Wafukieni mbali na kisima, kina kisichopungua mita 1. Mmoja alikuwa tayari ameshawapara wale wakubwa kwa ajili ya soko nilipofika, na tulikaribia kugombana.

Kisha subirini. Sipamethrini inang'ang'ania kwenye tope, kwa hiyo maji kuonekana safi si habari. Kabla ya kurudisha vifaranga fanyeni jaribio: vifaranga 20 ndani ya kizimba kidogo cha neti, kilichoshushwa mpaka sentimita 10 juu ya tope, saa 96 kamili. Si saa 24. Wapo waliohesabu usiku mmoja, wakapandikiza asubuhi, wakarudi kwangu. Akifa hata mmoja kwa kuyumba au kuzunguka, subiri wiki mbili, rudia na vifaranga wengine.

Nirudi kwenye kome wenyewe, maana kosa la dawa lilianzia kwao. Ni kweli kome huchuja maji. Lakini anachochuja ni ule ukijani ambao ngege wako anaula na ambao wewe umeugharamia kwa samadi. Unamlisha mgeni chakula cha mwenye nyumba. Akifa humo ndani, nyama yake inaoza na kuchafua maji aliyoletwa kuyasafisha.

Tena kama kuna kitu cha kome kinachomgusa samaki, ni watoto wa kome mwenyewe, wala si utitiri. Kome wengi wa maji baridi hupitisha utoto wao wakiwa wamejishikiza kwa samaki. Jambo hili lilichunguzwa hapa hapa Jinja, Uganda: Geoffrey Fryer alichapisha mwaka 1961 namna mtoto wa kome aina ya Mutela bourguignati anavyojipandikiza kwenye ngozi ya samaki aitwaye kisinja, akiingiza mirija ndani ya nyama kama mizizi na kula kutoka humo, mpaka akomae na kudondoka. Samaki mkubwa anavumilia. Kifaranga wa gramu 1 mwenye watoto wa kome wengi kwenye mashavu ni habari nyingine, na ndiyo maana sitaki kumwona kome kwenye bwawa la kukuzia vifaranga. Hapo pia hakuna dawa ya kumwaga. Wakikomaa wanaanguka wenyewe.

Kuwatoa: punguza maji uvune, kisha okota kome kwa mkono tope likiwa bado laini. Pekua kina cha sentimita 15, kando na katikati, maana kome huzama. Kuanika bwawa peke yake hakutoshi, kwa sababu kome wa Afrika wapo wanaojizika na kukaa miezi kwenye tope lililokauka. Ukimaliza kuokota, tandaza chokaa ya kilimo gramu 200 kwa kila mita ya mraba wakati tope lina unyevu. Bwawa letu la mita za mraba 200 linahitaji kilo 40. Ipime kwa mizani, acheni beseni. Usisahau kuta. Acha siku 14 ndipo ujaze. Chokaa ya kujengea ni kali zaidi, kwa hiyo usiitumie kwa kipimo hiki, na usiimwage kabisa penye samaki.

Kwenye mlango wa maji weka chujio lenye matundu yasiyozidi milimita 1, ulisafishe kila asubuhi. Samaki wa porini wanaoingia na mfereji ndio wanaoleta watoto wa kome mwilini. Mbu-maji hutawazuia, na hamna haja.

Wanaookota magamba kwa ajili ya chakula cha kuku, amasonko, waendelee. Gamba lililokaushwa juani halina utitiri hai. Nyama ya kome kwa bata ichemsheni kwanza, na maji ya kuoshea myamwage shambani.

Bwawa likitulia mtaona wenyewe: samaki wanapanda kwa pamoja saa ya chakula.

Ukikuta kidudu kwenye samaki mwenyewe, siyo ndani ya kome, hilo ni jambo tofauti kabisa. Huenda ni chawa wa samaki, bapa, anayeteleza juu ya ngozi, au kidudu kinachoning'inia kama uzi uliochomekwa. Mtie samaki huyo mmoja kwenye ndoo ya maji ya bwawa, umlete akiwa hai kwa afisa uvuvi wa wilaya yako siku hiyo hiyo, kabla hujanunua chochote dukani.

Na ng'ombe waogeshwe upande wa chini wa mteremko, hatua 100 kutoka bwawani, wasisogee majini mpaka manyoya yakauke. Pampu ioshwe huko huko.