Windows 10 imefika mwisho: jaribu haya kabla ya kuuza kompyuta yako

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft haitoi tena masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta inaendelea kuwaka kama jana, na hapo ndipo wengi wanapojisahau, kwa sababu kila tundu jipya linalogunduliwa linabaki wazi. Hata hivyo usikimbilie dukani. Mashine nyingi ninazoletewa ni nzima kabisa.

Hatua ya 1: Ijue mashine yako
Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha tafuta mstari wa Processor. Kwa Intel, soma namba iliyo baada ya kistari: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8. Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. Yako ikifaa, pandisha toleo bure kupitia Windows Update. Ziko njia za kuilazimisha kwenye mashine isiyofaa. Mimi simfanyii mteja, maana Microsoft haimhakikishii masasisho.

Hatua ya 2: Nakili mafaili yako
Tumia diski ya nje, kisha fungua picha na hati kadhaa kwenye kompyuta nyingine. Usiruke hatua hii, tafadhali.

Hatua ya 3: Kama unahitaji muda
Jiandikishe kwenye ESU, mpango wa Microsoft wa masasisho ya usalama ya ziada, ndani ya Windows Update, upate viraka vya usalama mpaka 13 Oktoba 2026. Ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwa akaunti ya Microsoft hulipi. La sivyo ni dola 30.

Hatua ya 4: Onja Linux Mint bila kufuta chochote
Linux Mint ni mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows. Pakua toleo lake la Xfce, ndilo jepesi. Faili lina takriban GB 3, kwa hiyo tafuta Wi-Fi, usimalize bando. Liandike kwa Rufus, programu ndogo ya bure, kwenye flashi ya GB 8, vilivyokuwamo vitafutika. Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukigonga F12 kwa Dell na Lenovo, au F9 kwa HP.

Mint itafunguka kutoka kwenye flashi, polepole kidogo, na diski yako haijaguswa. Sasa ipime kwa kazi zako mwenyewe. Unganisha Wi-Fi. Cheza video usikie sauti. Chapisha ukurasa mmoja kwa printa yako ileile. Funika kompyuta, subiri, ifunue uone kama inaamka. Kisha fungua kwa LibreOffice, programu ya ofisi iliyomo ndani ya Mint, ile hati ya Word yenye majedwali mengi, uone kama mistari imekaa mahali pake. Kama riziki yako inategemea programu ya uhasibu ya Windows pekee, rudi hatua ya 3.

Hatua ya 5: Isakinishe
Bofya mara mbili Install Linux Mint. Ukichagua Erase disk, Windows na kila kilichomo vinaondoka. Kama bado una diski ya kuzunguka, weka SSD, diski ya kasi isiyozunguka, kwanza. Hakuna badiliko utakaloliona haraka zaidi ya hilo. Ukimaliza, fungua Update Manager uweke masasisho yote. Mint 22 itaendelea kuyapata mpaka 2029.