Jinsi ya kutafuta tope la bahari ndani ya lava

Tope lililotulia kwenye sakafu ya bahari huzama pamoja na bamba, yaani kipande kikubwa cha ganda la Dunia kinachotumbukia chini ya kingine, na sehemu yake hurudi juu kupitia volkano. Nimelitafuta miaka mingi, na bado kila nikiliona moyo hunidunda.

Anza na lava mpya, kabla mvua haijainyeshea. Sababu utaiona mbele. Iponde, kisha chini ya hadubini uchague vipande kwa kibano, kimoja kimoja. Vyeusi vinavyong'aa viweke. Chenye kutu ya kahawia, au unga mweupe kwenye vitundu, kitupe. Saga kwa kinu cha akiki. Sampuli zangu za kwanza nilizisaga kwa kinu cha tangsteni kabidi, kikaziachia elementi ya tantali, nikapoteza wiki nzima nikijiuliza shimo ninalolitafuta kwenye grafu limekwenda wapi.

Shimo lenyewe utaliona kwenye grafu ya viwango vya elementi ndani ya lava: mstari hupanda kwenye bari na risasi, ukatumbukia kwenye niobi na tantali. Maji yanayokamuliwa kutoka kwenye bamba hubeba bari na risasi. Niobi na tantali hubaki chini, zimeshikwa na madini ya rutili. Sasa gawanya kiasi cha bari kwa kiasi cha thori, elementi nyingine. Jibu kubwa ni dalili ya maji. Thori haibebwi kirahisi na maji matupu, hivyo ikizidi, shuku kwamba mashapo, yaani tope lenyewe, yaliyeyuka.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni berili-10, aina ya berili yenye mnururisho. Huzaliwa angani kwa miali ya kosmiki, ikashuka na mvua, ikanata kwenye tope la juu kabisa baharini. Kila miaka milioni 1.4 hivi hupungua nusu. Ukiikuta ndani ya lava, basi tope hilo limezama na kurudi katika miaka milioni chache tu. (Ndiyo maana mvua ni adui: huishusha pia juu ya jiwe lako.) Lava za Nicaragua zinayo tele, za jirani yake Kosta Rika ni haba, ingawa bamba linalozama ni lile lile la Cocos. Kwa hiyo ukiikosa, usiseme hakuna mashapo yaliyozama. Huenda tope la juu lilikwanguliwa njiani, au safari ilichukua muda mrefu mno.

Kisichorudi hapo huendelea kushuka. Kukifuata, hamia visiwa vya volkano vya katikati ya bahari, kama Mangaia katika Pasifiki, na upime isotopu (aina zenye uzito tofauti) za salfa iliyonaswa ndani ya fuwele za olivini. Humo kumepatikana alama iliyoweza kutengenezwa tu kabla hewa haijapata oksijeni, zaidi ya miaka bilioni 2.4 iliyopita.